Mradi Umeisha, Watoto Wanaendelea Kuzaliwa

Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, milango miwili, kufuli moja. Ndani mlikuwa na vitabu 214 vya watoto. Idadi naijua kwa sababu nilivihesabu mwenyewe, nimekaa sakafuni, alasiri moja baada ya watoto kuondoka. Vingine vilikuwa na alama za vidole vyenye udongo, vingine vilikuwa na alama za meno, maana mtoto wa miaka mitatu hukianza kitabu kwa mdomo. Nilikuwa nimeagizwa nivihesabu, niandike taarifa, nifunge, na ufunguo niukabidhi ofisini. Mradi ulikuwa umefika mwisho.

Nilifundisha darasa la awali kwa miaka 11, na mradi ule ulichukua mitatu katika hiyo. Siutaji jina, wala sina ugomvi na waliouendesha. Walikuja na nia njema na kazi waliifanya. Walileta vitabu, walitupa mafunzo ya vitendo, na kubwa kuliko yote walitulipia msaidizi, dada mmoja wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Kila asubuhi alichukua watoto 5 au 6, wakaketi naye kwenye mkeka pembeni mwa darasa, akawasomea, wakaulizana maswali, kisha akawarudisha na kuchukua wengine. Kwa wiki, kila mtoto wa darasa langu alikuwa amefika kwenye mkeka ule walau mara mbili. Mimi peke yangu, na watoto 43 mbele yangu, nisingeweza hata mara moja.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, dada akapewa barua ya kushukuriwa. Mkufunzi aliyekuwa anakuja kila mwezi kukaa darasani na kutuonyesha makosa yetu hakuja tena. Vitabu vikaitwa "mali ya mradi", na mali ya mradi inatakiwa ionekane siku ya ukaguzi, kwa hiyo vikafungiwa. Muhula uliofuata nikapokea watoto wapya. Walikaa wakilitazama kabati lile siku nzima bila kujua lina nini. Hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kuzaliwa mwaka mmoja baada ya wenzao.

Tangu siku ile kila nikisikia mtu anatangaza fedha za kuwasaidia watoto wadogo wajue kusoma, swali langu la kwanza ni moja: fedha hizo zimewekwa wapi kwenye bajeti? Kiasi nitauliza baadaye.

Lakini kwanza nieleze kilichokuwa kinatokea pale kwenye mkeka, kwa sababu watu wengi wanaopanga fedha hizi hawajawahi kukiona.

Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne. Wiki sita za kwanza hakutoa neno darasani. Ukimuuliza jambo alitikisa kichwa au akatazama miguu yake. Siku ya kwanza kwenye mkeka alipewa kitabu, akakishika juu chini na kukifungua kwa nyuma. Yule dada hakumgeuzia. Alimwacha nacho, akaanza kusoma chake kwa sauti, kidole kikitambaa taratibu chini ya maneno. Siku ya tatu mtoto alikuwa anakitazama kidole. Wiki ya pili akakigeuza kitabu chake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Basi wakawa wanaenda hivyo, kimya kimya, mpaka siku walipofika ukurasa wenye picha ya mama aliyebeba ndoo. Dada akasoma "mama", akasogeza kidole, akasoma "maji". Mtoto akamshika mkono ule, akaurudisha nyuma kwenye neno la kwanza, akaupeleka tena mbele kwenye la pili. Akasema, kwa sauti niliyokuwa siijui, "Ma. Ma."

Mimi nilikuwa ubaoni naandika tarehe. Sikuimaliza.

Mtoto yule hakuwa anajua herufi hata moja kwa jina. Alichokigundua ni kwamba maneno yamejengwa kwa vipande, kwamba kipande kimoja kinaweza kukaa kwenye maneno mawili, na kwamba alama zile chini ya kidole ndizo zinazobeba vipande hivyo. Anayepata utambuzi huo kabla ya darasa la kwanza, herufi zikija anakuwa na mahali pa kuziweka. Asiyeupata, herufi zinabaki michoro ya kukariri. Na utambuzi huo hauji kwa bango ukutani. Unakuja kwa mtu mzima aliyetulia, anayemtazama mtoto huyu mmoja, leo na kesho na wiki ijayo.

Sisi wa Kiswahili tuna upendeleo wetu hapa. Lugha inaandikwa kama inavyotamkwa, silabi zake ziko wazi, na mtoto akishika ba be bi bo bu anaweza kufungua maneno mengi kwa muda mfupi. Lakini upendeleo huo unadanganya. Nimewahi kupokea mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikamuuliza kobe alikwenda wapi, akaniangalia kana kwamba kobe hakuwahi kutajwa. Silabi alikuwa nazo, maneno hakuwa nayo. Maneno huja kwa kuzungumzishwa, kwa kuulizwa "unadhani kitatokea nini?" na kusubiriwa ajibu. Kule kusubiri ndiko kunakokula muda, na muda wa mtu mzima ndio unaogharimu fedha katika kazi hii. Vitabu ni sehemu ndogo.

Sasa turudi kwenye hesabu. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 53 ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi. Baada ya shule kufungwa wakati wa korona, kadirio la mwaka 2022 likapanda hadi asilimia 70. Watu husoma takwimu hizo na kukimbilia darasa la tatu na la nne, kwa sababu ndiko mtihani unakofanyika. Mimi nazisoma na kuwaona watoto wa miaka minne. Mwaka huohuo wa 2019 UNICEF ilisema watoto zaidi ya milioni 175 wa umri wa awali hawako kwenye elimu ya awali kabisa, karibu nusu ya wote duniani, na ikazitaka serikali zitenge walau asilimia 10 ya bajeti ya elimu kwa ngazi hii. Nchi za kipato cha chini zilikuwa zinatenga wastani wa asilimia 2 hivi. Novemba 2022, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Tashkent, Uzbekistan, asilimia 10 hiyo iliandikwa kwenye azimio la pamoja.

Azimio ni jambo jema. Ila nimekaa kwenye vikao vya bajeti vya kutosha kujua kwamba azimio halilipi mshahara. Kinacholipa mshahara ni kasma, yaani fungu la fedha lenye mstari wake kwenye bajeti.

Kuna fedha za maendeleo na kuna fedha za matumizi ya kawaida. Za maendeleo ni za kujenga na kununua: darasa jipya, madawati, kompyuta. Zina mwanzo na mwisho, zina uzinduzi, zina picha. Za matumizi ya kawaida ni zile zinazorudi kila mwaka bila kelele: mishahara, umeme, chaki. Programu nyingi za kusoma kwa watoto wadogo huingizwa kwenye kapu la kwanza, mara nyingi kwa msaada wa wafadhili wa nje, ilhali kazi yenyewe kwa asili yake ni ya kapu la pili. Kila mwaka kuna watoto wapya wa miaka mitatu. Hawaishi. Unawezaje kuwawekea tarehe ya mwisho?

Marekani walianza Head Start mwaka 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson, ikiwa ni programu ya wiki 8 za likizo. Wazo lilikuwa kwamba ukimpa mtoto wa familia maskini wiki 8 za maandalizi ataanza shule sawa na wenzake. Haikuchukua muda kuonekana kwamba wiki 8 hazitoshi, na ikageuzwa kuwa ya mwaka mzima. Zaidi ya nusu karne imepita na bado iko kwenye bajeti ya serikali kuu. Watu wamebishana juu ya matokeo yake muda wote huo, na wabishane tu, lakini mtoto anayezaliwa leo anaikuta.

Utafiti unaotajwa kuliko yote katika mabishano hayo ni wa Ypsilanti, Michigan, ulioanza mwaka 1962, maarufu kwa jina la Perry Preschool. Watoto walikuwa 123 tu, wote Wamarekani weusi wa familia maskini. 58 wakaingia kwenye programu, 65 hawakuingia, na mgawanyo ulifanywa kwa bahati nasibu. Walifuatiliwa mpaka walipopita miaka 50. Kilichonigusa mimi si lile hesabu la mchumi James Heckman na wenzake, kwamba kila fedha iliyowekwa ilirudisha faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka, ingawa hilo ndilo hupendwa na wanasiasa. Kilichonigusa ni kwamba alama za vipimo vya akili zilizopanda mwanzoni zilishuka tena baada ya miaka michache shuleni. Mtu wa bajeti angesimama hapo hapo na kusema imeshindikana, funga kabati. Wangefunga, wasingejua kwamba watoto wale wakiwa watu wazima wangekuwa wamemaliza shule wengi zaidi, wanapata kipato kikubwa zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao.

Na angalieni walipewa nini. Walimu waliosomea kazi, watoto sita hivi kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyohuyo akienda nyumbani kwa mtoto kila wiki kukaa na mama yake. Ilikuwa ghali. Watu hunukuu faida ya Perry kisha wanapanga bajeti ya robo ya Perry.

Lazima niseme na upande wa pili, maana ningekuwa nawadanganya. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa programu ya awali ya jimbo la Tennessee. Watoto karibu 3,000 walifuatiliwa, nafasi zikiwa zimetolewa kwa bahati nasibu. Walipofika darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa, na makosa ya nidhamu zaidi. Nilizisoma habari hizo usiku, nikazisoma tena asubuhi. Niliumia. Wapo waliozishika haraka kusema fedha za umma kwa watoto wadogo ni upotevu. Mimi najiuliza mtoto alikuwa anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka mchana. Najua darasa la awali linavyoweza kuwa: watoto wamepangwa mistari, wanasubiri zamu ya msalani, wanaambiwa wanyamaze, wanaimba herufi kwa pamoja kwa dakika 30 huku nusu yao wanachungulia dirishani. Nimewahi kuliendesha darasa la namna hiyo mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo, kabla sijafundishwa vinginevyo. Watoto 43, mwalimu mmoja. Ukimya ndio uliokuwa lengo langu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa Tennessee. Nasema ukiniuliza kama mtoto anaweza kutoka darasani kwangu kwa wakati ule akiwa hajafaidika kitu, nitakujibu ndiyo.

Kwa hiyo kupigania fedha peke yake hakutoshi. Fedha ikijenga chumba na kukijaza watoto bila kumweka mtu wa kuketi nao, tumewahamisha tu kutoka mahali walipokuwa.

Fedha hizi pia ni nyepesi kukatwa, kwa sababu wanaoumia hawajui kuandika barua ya malalamiko. Uingereza kuna mpango unaoitwa Bookstart. Ulianza Birmingham mwaka 1992 na familia 300: mtoto alipofika miezi kama tisa na kupelekwa kwa ukaguzi wa afya, mzazi alipewa mfuko wenye kitabu na mwaliko wa maktaba. Wazo dogo, na zuri kwa sababu linapita mlango ambao mzazi ameshaufikia. Baadaye serikali ikaubeba. Desemba 2010, wakati wa kubana matumizi, serikali ikatangaza kuondoa fedha zake zote kwa mpango huo huko England. Waandishi wakapaza sauti magazetini, wazazi wakaandika, na kabla mwezi haujaisha serikali ikarudi nyuma, ingawa kiasi kilipunguzwa. Mpango ule ulipona kwa sababu ulikuwa umeshafika kwenye nyumba nyingi, na watu wenye sauti walikuwa wameshapokea mfuko ule mikononi mwao. Mpango wa watoto maskini peke yao una nani wa kuupigia kelele? Jambo hili limenifanya nibadili mawazo kuhusu huduma ya wote dhidi ya huduma ya walengwa. Zamani nilikuwa wa walengwa. Sasa nataka iwe ya wote, na walio nyuma waongezewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Ceará, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazili ambalo si tajiri hata kidogo. Kule majimbo hukusanya kodi ya bidhaa na huduma, na katiba inataka robo ya kodi hiyo iende kwenye manispaa. Wakati ule sehemu kubwa ya robo hiyo iligawanywa kwa kanuni ya kitaifa, lakini asilimia 25 yake jimbo liliweza kuamua lenyewe igawanywe vipi. Mwaka 2007 Ceará walibadili sheria: katika hizo 25, wakaweka 18 zifuate matokeo ya elimu, na kujua kusoma mwishoni mwa darasa la pili kukawa na uzito mkubwa, 5 zifuate afya na 2 mazingira. Meya aliyekuwa hajui watoto wake wanasomaje akajua, maana barabara zake na taa zake sasa zilitegemea hilo.

Wangeishia hapo ningekuwa na wasiwasi, kwa sababu anayeadhibiwa kwa matokeo mabaya hupungukiwa zaidi, na walimu huanza kuupikia mtihani. Lakini mwaka huohuo jimbo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kila mtoto anasoma kwa wakati wake, likapeleka mafunzo ya walimu na vitabu katika manispaa zote 184. Kisha wakaweka zawadi kwa shule zilizofanya vizuri kwa sharti: shule iliyoshinda ichukue shule moja iliyo nyuma iisaidie, na sehemu ya zawadi isitoke mpaka ile ya nyuma iinuke. Nikifikiria walimu wawili wa shule mbili, mmoja ameketi nyuma ya darasa la mwenzake na daftari mkononi, namkumbuka yule mkufunzi wetu wa kila mwezi.

Ninachokipenda Ceará ni kwamba mtoto kujua kusoma kuliwekwa ndani ya kanuni ya kodi. Kanuni ya kodi haina sherehe ya kufunga. Kuifuta lazima mtu asimame bungeni, mchana, aseme kwa sauti kwamba anaifuta.

Mimi siandiki kanuni za kodi. Niliachana na ubao miaka miwili iliyopita, na siku hizi nakaa kwenye kamati inayopitia maombi ya bajeti za shule kabla hayajapelekwa juu. Kazi ni ya karatasi na haina mvuto. Nimejifunza huko kwamba kabati langu lilifungwa kwa sababu ya neno moja tu kwenye daftari la mali. Vitabu viliandikwa pamoja na madawati. Dawati ni mali ya kudumu. Likipotea mtu anajibu. Kwa hiyo mwalimu mkuu yeyote mwenye akili timamu, akiwa na vitabu 214 vilivyoandikwa hivyo na watoto 43 wenye meno, atafunga. Sikumlaumu wa kwetu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa na ukaguzi na familia ya kulisha.

Chaki haiandikwi hivyo. Chaki inaandikwa kwenye vitu vya kutumika. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza mwalimu chaki ya mwaka jana iko wapi. Kinachotarajiwa ni kwamba imekwisha, na mwaka huu inaombwa nyingine.

Basi mwaka huu, maombi ya madarasa ya awali yalipofika kwenye meza yetu, niliomba vitabu vya hadithi vihamishwe. Tulibishana asubuhi nzima. Wenzangu wawili waliona ni kufungua mlango wa wizi, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Niliwaeleza habari za mkeka, nikawaeleza habari za mtoto wa "ma", nikawaambia kitabu kilicholiwa kona na kuchanika ukurasa wa tatu ndicho kilichofanya kazi yake. Nafasi ya msaidizi hatukuipata. Ukomo wa bajeti haukuruhusu, wakasema tuirudishe mwakani, na nitairudisha. Lakini vitabu vilihamishwa. Mhasibu, kijana mpole anayeandika kwa mkono wa kushoto, alivuta mstari kwenye ukurasa wa madawati, akafungua ukurasa wa chaki, kisha akainua kalamu na kunitazama.

"Mwalimu, naandika hivi vitabu vitarudishwa lini?"

"Havitarudishwa, mwanangu. Andika idadi ya mwaka huu, na chini yake acha nafasi ya mwakani."

Akaandika.